Bustani zenu hazina watu? Anzeni na ratiba, bembea zitasubiri

Mkuu, umesema umeingizwa kwenye kamati ya bustani na michezo ya mji wenu. Mna bustani mbili na kiwanja kimoja, fedha kidogo, watu hawaji, na wenzako wanataka hela yote iende kwenye bembea mpya. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, kwenye mji ambao ukitembea dakika ishirini umeumaliza. Nilianza na mawazo yale yale ya wenzako, kwa hiyo ngoja nikusimulie nilikojikwaa.

Mwaka wa kwanza tulinunua seti kubwa ya kupandia na kuteleza, ina kila rangi. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, picha zikapigwa, watoto wakajaa. Baada ya muda nikawa nikipita katikati ya wiki naikuta tupu. Seti yenyewe haikuwa na tatizo. Hapakuwa na kivuli, bati la kutelezea lilikuwa linachoma mapaja kuanzia saa tano asubuhi, na mzazi hakuwa na pa kukaa. Mtoto wa miaka minne haji bustanini, analetwa. Aliyemleta akichoka kusimama, mchezo umekwisha.

Sasa kabla hamjapitisha bajeti, chukua daftari ukakae pale. Nenda siku tatu tofauti, asubuhi, mchana na jioni. Hesabu watu na uandike wamekaa wapi, siyo mlikotaka wakae. William H. Whyte, mtafiti wa Kimarekani wa maisha ya mijini, alifanya hivyo New York miaka ya 1970, akitumia kamera na watu wa kuhesabu. Jibu lake kubwa linakaribia kuchekesha: watu hukaa penye pa kukaa. Aliona pia kwamba mtu akipewa kiti kinachohamishika hukisogeza kidogo kwanza, hata kama hakuna sababu, ndipo akikalie. Na mahali penye wanawake wengi kwa kawaida ndipo palipotengenezwa vizuri. Hicho cha mwisho ndicho kipimo changu mpaka leo.

Nilipofanya zoezi langu nikakuta wazee wanaokuja kila jioni hawagusi mabenchi yetu manne. Wamejipanga kwenye ukingo wa zege wa mtaro, nyuso kiwanjani. Mabenchi tulikuwa tumeyaelekeza kwenye maua! Tukayang'oa, tukayageuza, kazi ya nusu siku na mifuko michache ya saruji. Kesho yake jioni yalijaa.

Lakini kilichotuletea watu hasa ni saa isiyohama. Tulianzisha kikundi cha kutembea, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kutoka lango kuu. Siku ya kwanza tulikuwa wanne, wawili wakiwa wanakamati. Wiki ya sita ikanyesha, mimi nikaenda na mwavuli kwa ukaidi tu. Akatokea mama mmoja mstaafu, tukazunguka mara mbili, viatu vimelowa chapa. Akaniambia, "Nilitaka kuona kama mtakuja." Baadaye ndiye aliyeleta majirani zake.

Angalia parkrun, mbio za pamoja za kila wiki. Ilianza Oktoba 2004 kwenye bustani ya Bushy Park, London, wakimbiaji 13. Ni kilomita 5, kila Jumamosi asubuhi, bure, na wanaosimamia wanajitolea. Leo iko nchi nyingi, na ukiichambua huoni kifaa chochote, unaona saa tu. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, nao tangu 1974 wanafunga barabara Jumapili ili watu waendeshe baiskeli na kutembea. Lami ni ile ile ya Jumatatu. Kwa hiyo anayekwambia programu haiwezekani mpaka jengo liishe, muulize jengo likiisha nani atalifungua na saa ngapi.

Na hapo kuna suala la ufunguo, msilicheke. Tulikuwa na kocha mzuri wa mpira wa kikapu wa wasichana. Akapata kazi mbali, akaondoka ghafla, na ufunguo wa stoo ukaondoka naye. Wiki tatu mipira imefungiwa ndani, wasichana wanakuja, wanakuta kufuli, wanarudi. Tulipovunja kufuli, timu ilikuwa imebaki nusu. Tangu hapo kila programu ina watu wawili wanaojua kila kitu, na funguo mbili.

Kuhusu wasichana, hili litakuja hata usipolitafuta. Kiwanja kikiachwa "kwa wote", wanaocheza soka wanakichukua chote na wengine wanabaki pembeni. Vienna, Austria, waliligundua miaka ya 1990: wasichana wakishafika kama miaka tisa wanaanza kupotea bustanini. Wakabadilisha bustani mbili, wakaongeza njia za kutembea na viwanja vya mpira wa wavu, na eneo kubwa la wazi wakaligawa vipande ili kundi moja lisimeze lote. Sisi hatukuwa na hela hiyo. Tuliandika ratiba kwenye ubao langoni, rangi isiyofutika, siku mbili za wasichana zikiwa na saa zake. Wiki mbili za kwanza palikuwa na kelele, nikawa nakwenda mwenyewe kusimama pale. Baadaye vijana walizoea.

Choo: kama hakifungwi kwa ndani na hakina maji, wanawake na wazee hawatakaa zaidi ya nusu saa. Sina la kuongeza.

Ada je? Kambi ya watoto ya likizo tulitoza kidogo, na tukaweka msamaha kwa wasio na uwezo. Msimu mzima hakuomba mtu. Nikaisoma fomu upya: ilimtaka mzazi aeleze kwa maandishi kwa nini hawezi kulipa, kisha aambatanishe uthibitisho. Nani ataandika hayo kwenye mji ambao karani ni jirani yake? Tukaweka kisanduku kimoja cha kutia tiki, bila swali. Waliotia tiki walikuwepo, na wadanganyifu niliowaogopa sikuwaona.

Sasa hizo bembea. Sisemi msinunue, nasema msianze nazo, na msinunue kubwa. Amsterdam, kuanzia 1947, msanifu majengo Mholanzi Aldo van Eyck alisanifu viwanja vya watoto zaidi ya 700, vingi kwenye vipande vya ardhi vilivyoachwa wazi: shimo la mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vya kuning'inia. Watoto walimaliza wenyewe kazi iliyobaki.

Chochote mtakachoweka, pesa iende chini kwanza, pale mtoto anapoangukia. Matandazo ya vipande vya mbao mwageni unene wa sentimita 30, maana yatashindiliwa mpaka kama 23. Chini ya bembea miguu ya watoto huyasukuma pembeni, kwa hiyo pale pale wanapoangukia ndipo huwa membamba kuliko kote. Kwetu mtoto alivunjika kifundo cha mkono hapo. Nilipopima palikuwa na vidole viwili vya mbao, chini yake udongo mgumu kama sakafu. Siku hizi kuna mtu na reki kila Ijumaa. Tembea pia na futi kamba: pengo la kati ya sentimita 9 na 23 kwenye ngazi au uzio wa kifaa ni hatari, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unaweza kupita na kichwa kikanasa. Mafundi wengi wa kuchomelea hawalijui hilo, wanapima kwa macho.

Na vipuri viandikwe kwenye mkataba. Aliyetuuzia ile seti alipokea simu zangu mpaka siku alipolipwa malipo ya mwisho. Boliti zilikuwa za saizi yake mwenyewe. Moja ilipokatika tulifunga upande mzima kwa kamba miezi saba, na watoto wakawa wanaichezea ile kamba.