Barua kwa mwanangu: moka na nguo za kazini

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani Lindi, sote hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza ununue moka za namna gani kwa hiyo fedha uliyotenga, na uzivae na nini, maana mkuu wenu hapo Mtwara amesema suti si lazima ila kila mtu aonekane nadhifu, nawe una jinzi za chuo na suti moja ya mahafali. Umemuuliza muuza viatu vya mtumba swali la jumla, atakujibu kwa rejareja. Kaa vizuri.

Nunua kahawia iliyokoza. Najua vijana wote wakipata kazi wanakuja mezani kwangu kuulizia nyeusi, na mimi nawauzia, biashara ni biashara. Ila nyeusi inapendeza kwa suruali nyeusi au ya kijivu, na ukiivalia kadeti ya rangi ya udongo inaonekana umeazima miguu. Kahawia inakubali kadeti, inakubali bluu iliyokoza, inakubali kijivu, hata jinzi zako zile. Tena Ijumaa mlangoni pa msikiti moka nyeusi zinajaa na zote zinafanana, anayetoka kwanza ndiye anayechagua.

Kuhusu mtindo, chukua zile zenye ukanda wa ngozi juu, uliotobolewa katikati. Hizo zina historia ndefu: zilianza kama viatu vya watu wa Aurland huko Norway, na mwaka 1936 kampuni ya G.H. Bass ya Marekani ikatoa za kwake ikaziita Weejuns. Wanafunzi wa vyuo vya huko wakazipenda, wakawa wanachomeka sarafu ya senti kwenye lile tundu. Wewe usichomeke kitu. Zile zenye chuma mbele ni mtindo ulioletwa na Gucci mwaka 1953, na nyingi tunazoziona sokoni ni za kuiga. Chuma chake kimepakwa rangi tu, na upepo wa bahari hauchelewi kukitia kutu, kutu nayo inachafua ngozi. Zenye vishada zipo pia. Mimi sizipendi, basi.

Sasa sikiliza kwa makini suala la soli, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa fedha zao. Ukikuta kiatu cha mtumba kinang'aa, hakina mkunjo hata mmoja, na soli yake ni nyepesi ajabu, usishangilie. Soli nyingi za aina hiyo ni za povu la plastiki linaloitwa poliurethani. Povu hilo likikaa kwenye unyevu na joto huharibika lenyewe taratibu, hata kama kiatu kiko kabatini. Kwa hiyo kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa huko kilikotoka kinaweza kumeguka ukiwa katikati ya barabara. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba, kisha ikunje. Ikibaki na shimo, ikitoa unga au ikinata, rudisha mezani. Tafuta soli ya mpira halisi. Ya ngozi ni nzuri, ila mvua za huko zitaitesa, labda fundi aibandike mpira mwembamba chini.

Juu ya kiatu, angalia pale ngozi ilipokatwa, kwenye ukingo wa mdomo wa kiatu. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi. Ya bandia utaona kitambaa chini na utando wa plastiki juu, na huo utando ndio unaokuja kubanduka magamba.

Moka hazina kamba, kwa hiyo huna cha kukaza. Zikikupwaya leo, kesho zitakupwaya zaidi, kwa sababu ngozi hutanuka kwa upana, ingawa hairefuki. Chukua inayokubana kidogo ubavuni lakini vidole vina nafasi mbele. Kisigino kikicheza kidogo siku za mwanzo ni ugumu wa soli, ila kikichomoka kabisa unapotembea, hiyo si saizi yako.

Nguo hazihitaji fedha nyingi kama unavyodhani. Kadeti mbili, moja ya udongo na moja ya bluu iliyokoza, mpelekee fundi azikate zigusie tu juu ya kiatu. Suruali ikijikunja juu ya moka inazificha, na wewe unaonekana mfupi. Mashati matatu ya pamba, meupe na ya bluu ya maji, na moja la kitani ukilipata, linapitisha hewa ingawa halikubali kunyooka. Mshono wa bega ukae kwenye mfupa wa bega. Ubavu fundi atapunguza, bega litamsumbua. Shati lenye pindo la duara lichomekee, la pindo lililonyooka liache nje. Mkanda uwe kahawia inayokaribiana na kiatu. Fulana ya kola kwa Jumamosi. Koti la bluu lisilo na bitana linaweza kusubiri mshahara wa tatu. Na tafadhali, koti la suti ya mahafali usilivalie kadeti. Litafuliwa peke yake, lipauke peke yake, mwisho huna suti.

Soksi vaa zile fupi za pamba zinazojificha ndani ya kiatu. Huku kwetu viatu tunavulia mlangoni, na moka zinakurahisishia hilo, lakini soksi ikiwa na tundu utakuwa umewaonyesha wenyeji wote.

Msimu wa korosho ukianza mwezi wa kumi, mkianza kutumwa kwenye maghala na minada vijijini, moka ziache nyumbani pamoja na shati jeupe. Vaa raba. Maji ya mabibo yakikurukia kwenye shati jeupe, umelipoteza, na mimi usiniulize dawa.

Usivae moka siku mbili mfululizo, jasho halijakauka ndani. Zijaze magazeti zikae kivulini penye hewa, usizianike juani, ngozi itapasuka. Usizifungie kwenye mfuko wa nailoni. Masika hapo pwani ukungu unaota kwenye kiatu wakati umelala. Ukiuona, ufutie nje ya nyumba kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, uache zikauke ndipo upake dawa ya viatu.

Kwa hiyo bado usinunue. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa joto, simama juu ya karatasi, chora nyayo zote mbili, pima kwa rula kutoka kisigino hadi kidole kirefu, unitumie ile ndefu kwa sentimita. Usinitumie namba ya raba zako, namba zinadanganya: 42 ya Ulaya ni karibu 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani, na kila kiwanda kina 42 yake. Wiki ijayo nafungua belo jipya. Nikikuta kahawia nzuri nitaiweka chini ya meza, na kwenye basi nitampa kondakta, nauli ya mzigo utalipa wewe.

Mama yako