Mfamasia wa kwenye simu anaaminika?

Umeuliza kama mfamasia anayekuhudumia kwa simu au video anaaminika kama yule wa dukani. Anaaminika, mradi ana leseni na wewe umemweleza kila kitu. Wengi wanadhani huduma hii ni kuagiza dawa na kuletewa mlangoni tu, kumbe faida kubwa ni yale mazungumzo. Mama yangu anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Siku moja goti lilimuuma, akataka kumeza ibuprofen. Mfamasia alimwambia aweke pakiti zote mbele ya kamera, akazisoma moja moja, akamkataza palepale: zikitumiwa pamoja, hatari ya kutokwa damu tumboni inapanda. Kwenye foleni ya dukani asingepata nafasi ya kumwaga mfuko mzima wa dawa kaunta.

Ila ukiona wanauza dawa za cheti cha daktari bila kuuliza cheti hicho, kimbia. Na kama ni insulini, uliza inasafirishwaje, maana ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Mzee asiyezoea simu, kaa naye pembeni mara ya kwanza.