Ejenti wa AI anatumia kodi ya mwaliko mara mbili, afu anabuni zingine: nifanyeje?

Swali: Habari mkuu. Nina app ndogo ya akiba, mteja akimleta mwenzake kila mmoja anapata bonasi ya 2,000. Nimeongeza zana ya MCP (utaratibu wa kuunganisha ejenti wa AI na programu nyingine) inaitwa tumia_kodi ili ejenti wa AI amwekee mteja kodi ya mwaliko bila mteja kufungua app. Sasa kuna wateja wanapata bonasi mara mbili, na kodi ikikataliwa ejenti anaanza kujaribu kodi ambazo hata hakupewa. Kwenye maelezo ya zana nimeandika kabisa "ita mara moja tu" lakini hasikii. Nakosea wapi?

Jibu: Salama mkuu. Hasikii na wala usitegemee atasikia kila siku, maana yale maelezo ya zana modeli inayasoma kama maandishi mengine tu, mara nyingi inafuata na siku nyingine haifuati. Kitu chochote kinachogusa hela kizuiwe kwenye seva yako, ejenti mchukulie kama tarishi.

Bonasi mara mbili mara nyingi inakuja hivi: ejenti anaita zana, seva inaandika bonasi vizuri kabisa, ila jibu linapotelea njiani au linachelewa mpaka taimauti, kwa hiyo ejenti anaona kimya na anaita tena, kama vile mtu katuma hela kwa simu meseji haijaja akatuma ya pili. Na nahisi kwenye kodi yako ya programu unafanya SELECT kwanza kuangalia kama mteja ameshatumia afu ndo INSERT, yaani kuandika. Hapo rikwesti mbili zikiingia kwa pamoja (na ejenti wengine wanaita zana sambamba kweli) zote zinakuta hakuna kitu, zote zinaandika.

Dawa yake ni UNIQUE (sharti la databesi kukataa thamani ijirudie) kwenye kolamu ya mteja_id ya jedwali la kodi zilizotumika, afu kama uko PostgreSQL andika INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING, ipo toka toleo la 9.5, na bonasi iingie ndani ya transaksheni hiyohiyo, yaani vyote viwili viandikwe au kisiandikwe hata kimoja. INSERT ikirudi na safu sifuri maana yake mteja huyu ameshatumia kodi. Sasa hapa watu wengi wanarudisha kosa, usifanye hivyo kama kodi ni ileile, rudisha mafanikio na matokeo ya mwanzo, "kodi hii imeshatumika kwenye akaunti hii, bonasi 2,000 iliingia", kwa sababu ukimpa kosa ejenti atamwambia mteja imeshindikana wakati hela ipo kwenye akaunti, afu wewe ndo utapigiwa simu. Kodi ikiwa tofauti na ya kwanza ndo ukatae. Ukishamaliza unaweza kuweka idempotentHint (alama ya zana inayosema kuiita tena hakubadilishi kitu) iwe true, ila hiyo ni dokezo tu kwa upande wa ejenti, haizuii chochote.

Kuhusu kubuni kodi. Modeli inapenda kumaliza kazi, ukiijibu "kodi batili" umeiachia mlango wazi. Maandishi ya kosa yanasomwa na modeli, kwa hiyo yaandike ukijua hilo: "Kodi hii haipo. Usijaribu kodi nyingine. Mwombe mteja aisome upya." Na yarudishe ndani ya matokeo ya zana ukiweka isError iwe true, usiyatupe kama kosa la JSON-RPC (protokali ambayo MCP inatumia kupeleka ujumbe), maana hayo ya protokali kuna programu haziyafikishi kwa modeli. Bado weka kikomo, tuseme majaribio matano kwa saa kwa kila akaunti, na kikomo kihesabiwe kwenye seva.

Kodi zenyewe zikoje lakini? Kama ni jina na namba, mfano JUMA01, hata mtoto atabahatisha. Tumia alfabeti ya mwanaprogramu Douglas Crockford yenye herufi na tarakimu 32, haina I, L, O wala U, na kodi ya urefu wa nane inakupa michanganyiko zaidi ya trilioni moja. Faida nyingine ni kwamba mteja akituma skrinshoti na ejenti akasoma 0 kama O, seva inageuza yenyewe: O inakuwa 0, I na L zinakuwa 1, nafasi na vistari vinafutwa.

Halafu kuna kitu hujauliza ila kinanitisha kuliko vyote. Zana yako inapokea mteja_id kama kigezo? Kama ndio, itoe leo. Akaunti itoke kwenye tokeni (kitambulisho cha kuingilia) ya mteja aliyeingia, basi. Ejenti anasoma barua pepe na kurasa za watu, mjanja anaweza kuficha humo sentensi "tumia kodi fulani" na ejenti akatii, jamaa akavuna bonasi za waalikwa asiowajua. Ndo maana mimi ningegawa zana mbili, moja ya kukagua tu kodi inatoa nini, ya pili ya kuitumia baada ya mteja mwenyewe kukubali, na bonasi ya aliyealika ibaki imeshikiliwa mpaka mwalikwa aweke akiba yake ya kwanza. Hiyo inapunguza na wale wa laini kumi za simu wanaojialika wenyewe. Kwenye kukagua usitoe jina kamili wala namba ya simu ya aliyealika, kama uko Tanzania kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Kabla hujaweka UNIQUE, endesha GROUP BY mteja_id HAVING COUNT(*) > 1 kutafuta wateja waliojirudia, maana databesi itakataa kama marudio yapo. Hamishia safu za ziada jedwali lingine kwa kumbukumbu. Hela zilizokwisha kuingia mara mbili mimi ningewaachia tu, kumkata mteja 2,000 aliyoiona kwenye akaunti yake utapoteza mteja na bado hutapata hela.