Nyumba ya fremu za chuma inachemka mchana: malizana na paa kabla ya AC

Mkuu, umeuliza kama AC mbili zitatosha nyumba yako ya fremu za chuma huko Kigamboni, inayochemka kuanzia saa tano asubuhi. Mimi naishi kwenye nyumba ya namna hiyo Tanga, na AC ningeiweka mwisho kabisa.

Ukuta wa tofali za inchi 6 huchelewa kupata moto, halafu usiku unakurudishia ule moto kitandani. Ukuta wa bodi, kama wa nyumba zetu za fremu za chuma, hauna pa kuutunza: jua likikaza unalisikia saa hiyohiyo, likizama nyumba inapoa upesi. Kwa sisi wa pwani, ambao mateso yetu ni kulala, hiyo ni neema. Kazi iliyobaki ni kuzuia joto la mchana.

Huku kwetu jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo paa hupigwa kuliko ukuta wowote. Panda ngazi saa nane mchana uguse dari. Ikiwa ya moto, inakumwagia mionzi ya joto kichwani na feni haiizuii. Mimi nilipaka bati rangi nyeupe, kisha nikatandaza foili (karatasi ya alumini) chini ya kenchi, upande unaong'aa ukitazama chini (ukitazama juu vumbi litaufunika). Simamia fundi hapo! Foili lazima iwe na nafasi ya hewa. Ikibanwa katikati ya vitu viwili inapitisha joto kama bati tu. Acha matundu chini ya ukingo wa paa na kwenye kofia ya paa kule kileleni, yenye wavu, la sivyo utafuga popo.

Watakuuzia pia sufi ya kuzuia joto (ya kioo au ya mawe) ya kujaza ukutani. Inasaidia, ila chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko sufi, kwa hiyo nguzo zenyewe zinabaki njia ya joto. Ukuta wa magharibi nimeujengea baraza la kuukinga na jua la alasiri, imenitosha.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu. Chumba cha kulala kipe yanayofunguka yote, moja likitazama kaskazini-mashariki, maana kaskazi ndiyo inavuma miezi ya joto kali, na jingine upande wa pili hewa ipate pa kutokea.

Weka hapa picha ya paa kwa ndani na useme mlango wa mbele unatazama wapi, tuone matundu yakae upande gani.