Jibu: Madoa ya kahawia kwenye rimu za aloi hayatoki kwa sabuni

Mkuu, hayo madoa unayosema yamegoma kutoka si matope. Ni vumbi la breki: chembe za chuma zinazoruka kwenye diski na pedi zikiwa moto, zikajichimbia kwenye vanishi ya rimu na kushika kutu. Kama kila wiki unateremka kutoka Mau Summit kupitia Salgaa hadi Nakuru mguu ukiwa kwenye breki, mimi sishangai.

Ulizia maduka ya spea dawa ya kuyeyusha chuma, ile isiyo na asidi. Rimu ziwe baridi, gari likiwa kivulini. Osha kwanza kwa maji ya sabuni, pulizia dawa, ngoja dakika chache. Utaona michirizi ya zambarau ikitiririka, na harufu yake, wacha tu, mayai viza. Sugua kwa brashi laini, hasa nyuma ya spoki, na usuuze kabla haijakauka. Pakibaki vidoa vyeusi vinavyonata, hiyo ni lami. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo bila kugusa tairi, kisha osha tena.

Na kijana wa kuosha magari akija na stilwuli au maji ya betri, yaani asidi, mfukuze. Vanishi ikishachubuka, dawa ni kupaka rimu rangi upya.