Siku 112 Majini: Ninachomwambia Anayepanda Meli ya Kitalii kwa Mara ya Kwanza

Nimeshuka melini baada ya siku 112. Tulianzia Atlantiki, tukapita Mfereji wa Panama, tukaivuka Pasifiki, tukaingia Bahari ya Hindi, kisha tukaizunguka Rasi ya Tumaini Jema kurudi tulikotoka. Tangu nirudi, wanaojiandaa kwa safari kama hii huniuliza zaidi habari za mizigo: nguo ngapi, viatu vya namna gani. Nguo ni jambo jepesi. Kinachowashinda wengi ni kwamba huianza safari ndefu kwa mwendo wa likizo ya wiki moja. Wiki ya pili haijaisha, mwili umechoka, na miezi mitatu bado ipo mbele.

Nitaanza na nyaraka, maana hapo ndipo safari huvunjika hata kabla nanga haijang'olewa. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe hai kwa miezi sita baada ya kuingia kwako, kwa hiyo piga hesabu kuanzia bandari ya mwisho, usihesabu kuanzia siku ya kuondoka. Viza zihesabu kwa ratiba nzima. Zipo nchi zinazomtaka kila abiria awe na viza hata kama hana nia ya kukanyaga gati, na meli inaweza kukukatalia kupanda siku ya kwanza kwa sababu ya viza ya bandari ya mwezi wa tatu. Angalia pia idadi ya kuingia. Ukiingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ukatoka, kisha ukarudi tena baada ya siku mbili, hayo ni maingilio mawili, na viza ya kuingia mara moja haitakufaa. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinahesabika kuwa halali kwa maisha yote ya mwenye nacho. Usiende kuchanjwa wiki ya mwisho.

Dawa zako beba za siku zote za safari, uongeze za wiki mbili, na ziwe kwenye begi la mkononi. Mabegi makubwa huchukuliwa gatini na huweza kukufikia chumbani usiku. Bima nayo iwe inayolipia kuhamishwa kwa dharura kutoka baharini. Zahanati ya meli ina daktari na wauguzi, inaweza kumtuliza mgonjwa na kumfanyia vipimo vya kawaida, lakini si hospitali kamili ya upasuaji, na huduma zake hulipiwa kando ya nauli. Nilishuhudia helikopta ikimnyanyua abiria kutoka sitaha ya juu huku meli ikiwa katikati ya maji. Tangu siku ile sijamshauri mtu yeyote apunguze gharama kwenye bima.

Kuhusu chumba, mabaharia wa jahazi wana msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini ndani ya chombo. Ukiwa hujaizoea bahari, msemo huo uchukue kama ulivyo. Omo, yaani mbele ya chombo, hupanda na kushuka, tezi, yaani nyuma, hutikiswa na mitambo, lakini katikati ya meli, kwenye sitaha za chini, mtikisiko ni mdogo kuliko kwingine kote. Tena, kabla hujalipia, tazama ramani ya meli ujue kilicho juu na chini ya chumba chako. Chumba kilicho chini ya bwawa la kuogelea kitakuamsha alfajiri kwa viti vinavyoburutwa; kilicho juu ya ukumbi wa muziki kitakukesheza. Vyumba vya ndani visivyo na dirisha ni vya bei nafuu na kwa siku saba havina shida. Kwa miezi, mimi ningelipia dirisha hata kwa kuacha matembezi kadhaa ya nchi kavu. Gizani mwili hupoteza hesabu ya usiku na mchana, na katika safari inayobadilisha saa kila mara, mwanga wa asubuhi ndio unaousaidia kujipanga upya.

Mazoezi ya dharura hufanyika siku ya kupanda. Watu hulalamika kwamba yanawachelewesha kula au kuona bandari ikiachwa nyuma. Usiwe mmoja wao. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 13, 2012, watu 32 walikufa. Wapo abiria waliokuwa wamepanda saa chache tu kabla, na zoezi lao lilikuwa bado. Kanuni ya wakati ule iliruhusu zoezi lifanywe ndani ya saa 24. Tangu 2015 ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ishara ni milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Baada ya zoezi, tembea kwa miguu kutoka chumbani hadi kituo chako cha kukusanyikia, kwa ngazi, bila lifti. Fanya hivyo mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Ni dakika kumi tu.

Kuhusu kulewa bahari: chanzo chake ni ugomvi kati ya macho na sikio la ndani. Ukiwa chumbani macho yanasema umetulia, sikio linasema unayumba. Ndiyo maana kutoka nje na kutazama upeo wa bahari kunasaidia, na kusoma kitabu kitandani kunaongeza kichefuchefu. Dawa meza kabla bahari haijachafuka, kwa sababu ukishaanza kutapika umechelewa. Nyingi huleta usingizi, hivyo zungumza na daktari wako, hasa kama unatumia dawa nyingine. Usishinde na njaa. Tumbo tupu hukoroga kuliko lenye chakula kikavu kidogo. Wengi wetu tuliizoea bahari ndani ya siku mbili au tatu.

Ugonjwa ninaouogopa zaidi melini ni wa kuhara na kutapika unaoletwa na virusi vya noro. Huchukua saa 12 hadi 48 tangu kuambukizwa hadi dalili kutokea, na husambaa kwa kasi mahali ambapo watu maelfu wanashika vishikio vilevile vya ngazi na vijiko vilevile vya kupakulia. Jeli ya spiriti inayowekwa milangoni haiviui vizuri. Maji na sabuni ndivyo vinavyoviondoa mikononi. Nilijiwekea utaratibu: nawa, pakua chakula, nawa tena, ndipo ule. Ukiumwa, toa taarifa na ukae chumbani hadi zahanati ikuruhusu. Kuficha ili usikose matembezi ya kesho ni kuwaumiza wazee waliokaa meza ya jirani, na katika safari ndefu wazee ni wengi.

Sasa nije kwenye saa, jambo lililonifundisha mengi kuliko yote. Simu yako itakuchanganya. Meli ikikaribia pwani, simu hunasa mtandao wa nchi kavu na kujibadilisha saa yenyewe, huku meli ikiwa imebaki na saa yake. Vaa saa ya mkononi ya kawaida, uirekebishe pale tu tangazo la meli linapotoka. Ratiba huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo ukisoma kwamba mwisho wa kurudi ni 16:30, ni saa kumi na nusu jioni, na hiyo ni saa ya kuwa ndani, siyo ya kuiona meli kwa mbali. Kwa kawaida muda huo huwekwa nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Meli ina zamu yake na rubani wa bandari anayeiongoza kutoka, na gati lina meli nyingine inayolisubiri. Ukiwa kwenye matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe, ukichelewa watakungoja au watakufikisha. Ukiwa umetoka kivyako, bandari inayofuata utaifuata kwa nauli yako mwenyewe, na huenda ikawa nchi nyingine. Niliwaona mume na mke wamesimama gatini na mifuko ya zawadi mikononi, kamba zimeshafunguliwa, maji kati yao na meli yamefika mita tano. Mimi nilipotoka kivyangu nilirudi saa mbili kabla, na karatasi ya ratiba ya siku yenye namba za wakala wa meli bandarini nilikuwa nayo mfukoni kila mara.

Kwenda magharibi, saa hurudishwa nyuma usiku, na unapata siku ya saa 25. Ni raha. Usingizi unaongezeka bila kuuiba popote. Lakini saa hizo ni za mkopo. Ukiuzunguka ulimwengu wote kuelekea magharibi umepewa saa 24 za ziada kidogo kidogo, nawe unazirudisha zote kwa mara moja kwenye mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo kalenda huruka siku. Tulilala Jumanne tukaamka Alhamisi. Mabaharia wa meli ya Victoria, waliobaki katika msafara ulioanzishwa na Magellan, wa kwanza kuizunguka dunia, nao kuelekea magharibi, walifika Visiwa vya Cape Verde Julai 1522 wakiamini ni Jumatano, wakakuta wenyeji wako Alhamisi, na kumbukumbu zao za kila siku hazikuwa na kosa. Kwa anayekwenda mashariki mambo ni magumu zaidi: siku za saa 23, moja baada ya nyingine, na uchovu unaorundikana. Ukipewa nafasi ya kuchagua kwa safari yako ya kwanza ndefu, chagua magharibi. Kama unameza dawa kila siku, muulize daktari mapema namna ya kuhesabu vipindi vyake, maana kalenda itakuruka.

Bandari za nanga zinahitaji subira. Pale ambapo hakuna gati linalotosha, abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na nahodha akiona mawimbi ni makubwa hufuta. Sisi tulifika Kisiwa cha Pasaka, tukakizunguka, tukaziona sanamu kwa darubini, tukaondoka. Watu walilia, na niliwaelewa, kwa sababu wengine walikuwa wamelipia safari nzima kwa ajili ya siku ile. Usiiweke furaha ya safari yote kwenye bandari moja ya mashua.

Panama ilinipa kinyume chake. Mfereji una urefu wa kilomita 80 hivi, meli hupandishwa mita 26 kwa malango, yaani vyumba vinavyojazwa maji ili kuiinua, hadi Ziwa Gatun kisha ikateremshwa upande wa pili, na kazi hiyo huchukua saa nane hadi kumi. Watu hubanana omoni tangu alfajiri, na kufikia adhuhuri jua limewamaliza. Simama omoni kwa lango la kwanza, kisha shuka sitaha ya chini ya kutembelea. Pale ukuta wa mfereji unapita karibu nawe na unayaona maji yakipanda. Ziwani pumzika. Rudi juu kwa malango ya kushuka.

Baada ya hapo ndipo siku za bahari tupu zilipoanza, na ndipo watu walipotofautiana. Wiki ya kwanza kila mtu alikuwa kila mahali: somo la dansi, mhadhara, mchezo wa kuigiza, chakula mara tano. Karibu na siku ya 40 nyuso zilibadilika. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, ila wengi walikuwa wazito, wepesi wa kukasirika, na waliosafiri na wenzi wao walianza kunuka ugomvi. Chumba ni kidogo, hakuna pa kwenda, na habari za nyumbani hufika kwa kusuasua. Ningependa mtu angeniambia mapema kwamba kipindi hicho huja na hupita. Kilichonisaidia ni ratiba ya mtu anayeishi mahali. Asubuhi nilizunguka sitaha kwa miguu kabla jua halijakaza. Nilichagua somo moja tu na kulishikilia hadi mwisho. Mchana nilikaa peke yangu saa mbili. Na katika kila bandari tatu nilijiruhusu moja ya kushuka kidogo tu, ninywe kitu karibu na gati, nirudi kulala. Hizo ndizo bandari ninazozikumbuka vizuri.

Usijifunge na meza moja ya chakula usiku wa kwanza. Kaa na watu tofauti kwa wiki moja ndipo uchague. Ujue pia kwamba si wote wanaokwenda hadi mwisho: wengine hushuka katikati na wapya hupanda, kwa hiyo rafiki uliyemzoea anaweza kuondoka. Wafanyakazi wa meli jifunze majina yao. Mikataba yao huwa ya miezi mingi mfululizo, kazi kila siku, mbali na watoto wao. Bahshishi mara nyingi hukatwa kwenye akaunti yako kila siku bila kuulizwa, hivyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Akaunti yenyewe ikague kila wiki, kwa sababu usiku wa mwisho foleni ya wenye malalamiko hufika kwenye ngazi.

Simu iweke kwenye hali ya ndege tangu kamba zinapofunguliwa, uwashe Wi-Fi peke yake. Mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti na hulipishwa kwa viwango vinavyotisha, hata kwa ujumbe uliojipakua wenyewe. Nguo za wiki mbili zinatosha, utafua. Pasi na mishumaa vitachukuliwa mlangoni. Kuta za vyumba kwa kawaida ni za chuma, kwa hiyo sumaku chache zitakushikia karatasi zako zote.

Usiku wa mwisho mabegi huwekwa nje ya mlango, yakiwa na vitambulisho, na huyaoni tena hadi bandarini. Acha ndani nguo za kuvaa kesho, viatu, dawa na pasipoti. Ukishuka, ardhi itakuyumbisha, hasa ukiwa bafuni au umefumba macho. Mimi iliniyumbisha siku mbili. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, mwone daktari na umweleze kwamba ulikuwa baharini.