Kabla Hujalipia Nishani ya Mjerumani, Ziba Masikio

Jumanne usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa kwetu anayesoma Hamburg. "Shikamoo kaka. Kuna mzee mnadani anauza Msalaba wa Chuma wa 1914. Anasema ni wa babu yake aliyepigana Tanga. Anataka euro 250. Nichukue?" Aliambatanisha picha tatu za hiyo nishani ya kijeshi. Mbili zina ukungu, na ya tatu kidole gumba cha muuzaji kimefunika pete yote ya juu.

Nilimjibu neno moja: subiri. Halafu nikakaa na simu mkononi muda mrefu, maana ujumbe ule ulinirudisha kwenye kidonda ambacho nilidhani kimepona.

Mimi ni mtoto wa Songea. Kila Februari, shule yetu ya msingi ilikwenda kwenye makumbusho ya Maji Maji, na mwalimu alituhadithia jinsi Wajerumani walivyowanyonga wazee wetu tarehe 27 Februari 1906. Kwa hiyo, miaka sita iliyopita, nilipoona kwenye meza ya vitu vya kale hapa Leipzig nishani ya makoloni, ile aliyoianzisha Kaiser Wilhelm II mwaka 1912, na juu ya utepe wake kibamba kimeandikwa "Deutsch-Ostafrika 1905/07", yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, miguu iliniishia nguvu. Mtu alivishwa hii kifuani kwa kazi aliyoifanya kwetu. Nilitaka niishike, niipeleke nyumbani, wazee waione.

Muuzaji alikuwa ameifunga kwenye leso nyeupe. Aliifungua polepole huku akinihadithia babu wa baba yake, aliyerudi Afrika akiwa kimya mpaka anakufa. Machozi yalimlengalenga. Yangu pia. Nikatoa euro 340, karibu nusu ya mshahara wangu wa bohari mwezi ule. Sikuwa na lensi wala sumaku. Utepe sikuugeuza. Usiku huohuo nikampigia mama, na kesho yake asubuhi wajomba wote walikuwa na habari.

Mwaka mmoja baadaye niliipeleka kwa mzee mmoja mkusanyaji, mtu anayesifika kwa jicho lake. Hakuniuliza hadithi. Aliiweka chini ya taa, akavuta kibamba kwa koleo dogo, kikateleza juu ya utepe kama kilichovishwa jana. "Tazama hapa," akasema. Kibamba kikikaa mahali pamoja miaka mia, kinauachia utepe alama: chini yake rangi inabaki mbichi kwa kukosa mwanga, na kingo zake zinachora mistari ya uchafu. Utepe wangu ulikuwa umepauka sawasawa kila mahali. Halafu akanipa lensi. Nishani yenyewe ilikuwa imelika sehemu zote zilizoinuka, lakini herufi za kibamba zilikuwa kali, na pembeni mikwaruzo ya tupa bado inang'aa. Nishani ya kweli, kibamba cha kuchongwa. Na bila kibamba nishani ile haisemi mwenyewe alikuwa wapi. Anaweza kuwa alipigana Kamerun au kusini magharibi mwa Afrika, asiwahi kuiona Songea maishani mwake.

Sikumwambia mama kwa miaka miwili.

Ndiyo maana nasema ziba masikio. Wewe unayesoma hapa una hamu kama yangu, unataka kushika kitu cha historia yetu kwa mkono wako, na muuzaji anaiona hamu hiyo usoni kwako kabla hujafungua mdomo. Hadithi haina chapa. Kitazame chuma kwanza.

Tuuchukue huo Msalaba wa Chuma. Ule wa daraja la pili wa 1914 una upana wa karibu milimita 42, na haukutengenezwa kwa kipande kimoja. Katikati kuna chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na nusu mbili za fremu ya fedha zikalehemiwa kukizunguka. Kwa hiyo pembeni tafuta mstari wa maungio. Tazama vitone vidogo vinavyopita kwenye fremu: kwenye kazi iliyogongwa kwa chapa vinahesabika hata kwenye pembe, ila kwenye kazi ya kusubu, yaani ya kumimina madini yaliyoyeyushwa, vimeyeyukiana, na katikati yake utaona vishimo vya hewa. Sumaku inatakiwa kushika katikati. Ikishika usishangilie, kwani hata feki nyingi siku hizi zina chuma ndani. Isiposhika, rudisha mezani. Herufi za mtengenezaji kwenye pete nazo zisikulevye, maana misalaba mingi ya kweli haina herufi yoyote.

Utepe umulike kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Nyuzi za kisasa zinawaka weupe wa buluu. Kumbuka tu kwamba utepe wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya leo unaweza kuwaka vilevile.

Misalaba ya 1939, ya Vita vya Pili, ina mitego yake. Sheria ya Julai 1957 iliwaruhusu wanajeshi wa zamani kuvaa nishani zao ilimradi ziondolewe swastika, na zikatengenezwa mpya kwa ajili hiyo. Ni halali, ila si za vitani, na kuna wanaoziuza kama za vitani. Zile zenye swastika usizitandaze picha zake ovyo ukiwa Ujerumani, sheria inauma.

Na kama unaanza, usianze na kitu adimu. Nunua Msalaba wa Heshima wa Vita vya Kwanza, ulioanzishwa na Rais Hindenburg wa Ujerumani Julai 1934. Ilitolewa karibu milioni nane, ni rahisi, na kuighushi hakuna faida. Ushike kila siku, uupime, uujue uzito wake kiganjani, jicho lako lizoee kazi halisi. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Leo natambua msalaba wa kusubu nikiwa bado nimesimama, na mwezi uliopita muuzaji mmoja aliuondoa wake mezani nilipoinamia tu na lensi. Najivunia hilo, limenigharimu.

Kwa hiyo nilimwandikia kijana: misalaba ya daraja la pili ya 1914 ilitolewa kama milioni tano, na euro 250 ni bei ya hadithi ya Tanga, si ya msalaba. Nenda na sumaku. Usimuulize mzee chochote kuhusu babu yake.

Amenijibu leo. Sumaku haikushika. Alipoomba kuugeuza autazame ubavuni, mzee aliufunika kwa kitambaa, akamwambia soko limefungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.